Mume wangu aliniamkia "shikamoo" nikacheka: nilimfukiza corona, kumbe ni jiwe la duarani

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo vipi, wadogo sitaki maneno mengi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka mingi nasoma, nacheka, nazima simu nalala. Ila juzi kuna mtu alianzisha uzi akiuliza kama nyungu, kule kujifukiza kwa mvuke wa majani, iliwasaidia watu kweli enzi zile za corona, nikaona mnavyorushiana maneno, hawa wanasema iliwaponya, hawa wanasema ni ujinga. Nikasema leo na mimi naandika.

Sijaja kubishana na mtu. Nimekuja kusema nilichokifanya mimi kwa mikono yangu hii. Nitasema chote, hata pale kinaponiaibisha. Hasa pale.

Ni refu kidogo, wavivu wa kusoma mnisamehe.

Kwanza mtujue. Mimi ni fundi cherehani, tunakaa Kalangalala, Geita mjini. Kwetu ni Songwa, kule Kishapu, na mume wangu ni wa huko huko. Tulikuja huku kufuata dhahabu kama nusu ya watu wa mji huu. Tuna mapacha, kwa hiyo mimi ni Mama Kulwa na yeye ni Baba Kulwa. Doto analalamika hadi leo kwamba jina lake halitumiki popote.

Baba Kulwa enzi hizo alikuwa anachimba Rwamgasa. Si mgodi wa kampuni. Ni zile duara za wachimbaji wadogo: shimo refu la kwenda chini, magogo pembeni kuzuia udongo, winchi ya mkono juu, watu wanashuka kwa kamba. Anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi kucha.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Wengi wetu hata kuitaja corona tulikuwa hatutaki, tulikuwa na jina la heshima: "changamoto ya upumuaji". Mtu akifariki, changamoto ya upumuaji. Mtu akikohoa kanisani, benchi zima linasogea. Mimi nilikuwa nashona barakoa za vitenge mchana kutwa. Jirani yangu Mama Zubeda, mama wa Kitanga anayeuza viungo, tangawizi ilikuwa inamwishia kabla ya saa nne asubuhi. Ukipita mtaani kwetu kila dirisha linatoa harufu ya mchaichai.

Sasa Alhamisi moja, kama saa saba mchana, bodaboda inasimama mlangoni, anashuka Baba Kulwa.

Alhamisi. Mtu wa Jumamosi.

Jua la Geita linawaka, na yeye kavaa boshori la sufu limeshuka hadi masikioni. Nikamuuliza kulikoni, akasema mwili umechoka, kichwa kinauma, kaamua aje apumzike. Akanywa maji, akalala. Jioni akatapika.

Wakuu, mimi ni fundi. Kifungo kikipungua kwenye shati la mteja nakiona akiwa bado barabarani. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshaamua ninachokiona. Kichwa, uchovu, kutapika, boshori juani maana yake anasikia baridi. Nikasema moyoni, imeingia nyumbani kwangu.

Nilipomvua boshori niliona mchubuko juu ya sikio la kushoto. Nikamuuliza. Akasema kajigonga kwenye gogo. Mchimbaji kuwa na mchubuko ni kama mpishi kuwa na moshi, sikuuliza mara ya pili.

Nikampigia mama Songwa. Mama akaniambia, "Mfukize, mwanangu, usingoje." Tena akanitajia majani: mwarobaini, mpera, mchaichai, limao na maganda yake, tangawizi. Mama Zubeda akanipa tangawizi ya kutosha jeshi.

Nikabandika sufuria kubwa, ile ya pilau za sherehe. Ikachemka. Nikamketisha Baba Kulwa kwenye kigoda, nikamfunika blanketi mbili.

Alisema, "Mke wangu, kichwa kinapasuka." Nikamwambia, "Vumilia, ndiyo inatoka." Akataka kufunua, nikakandamiza blanketi kwa mikono miwili. Namhesabia dakika kama mwalimu wa zamu.

Mara nne wakuu. Alhamisi jioni mara moja, Ijumaa mara mbili, Jumamosi alfajiri mara moja. Mtu amevuja damu ndani ya fuvu, mimi namkandamiza kwenye mvuke. Mkitaka kunitukana ni hapa, halafu tuendelee.

Jumamosi baada ya ile nyungu ya alfajiri akalala fofofo. Anakoroma mpaka kuta zinaitikia. Nikafurahi! Nikapiga simu Songwa nikasema mama, dawa imeingia, leo kapata usingizi. Nikakaa kwenye cherehani naimba.

Saa tatu hivi nikampelekea uji. Nikamtikisa, nikamtikisa tena, akafungua macho kwa shida. Akaniangalia. Akasema taratibu, kwa adabu zote:

"Shikamoo."

Mimi! Mke wake, niliyezidiwa naye miaka sita! Nikacheka, nikamwitikia "marahaba mwanangu", nikadhani leo kaamka na utani. Nikampa kikombe. Kikamponyoka mkono wa kulia, uji ukamwagika kitandani, na yeye hata hakushtuka. Akaniambia tena, "Shikamoo."

Mama Zubeda alikuwa mlangoni kaja kuulizia hali ya mgonjwa. Alikuwa anacheka pamoja na mimi. Hiyo shikamoo ya pili ikamkata kicheko.

"Shoga," akasema, "mume hamwamkii mkewe. Huyo hakujui. Mpeleke hospitali sasa hivi."

Nilijua hapo hapo kwamba huenda nimekaa na mtu siku mbili anakufa na mimi naimba.

Watoto nikamwachia Mama Zubeda, wanaume wa mtaani wakambeba mgonjwa hadi kwenye bajaji, tukakimbia kituo kimoja cha afya pale mjini. Getini ndoo za kunawa, barakoa, kipimajoto cha kuelekezewa usoni. Kijana wa mapokezi akauliza mgonjwa ana nini. Na mimi, mjuaji, nikatoa lile neno:

"Ana changamoto ya upumuaji."

Kwa nini nilisema hivyo? Hakuwa anakohoa. Hakuwa anahema. Alikuwa anakoroma tu. Lakini ndilo neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu, likatoka lenyewe. Kijana akaliandika kama nilivyolitamka, hana kosa. Tukaelekezwa upande wa pili, kwenye turubai la wenye changamoto ya upumuaji, mabenchi mbali mbali, tusubiri zamu. Na zamu ilikuwa ndefu, maana watu walikuwa wanaumwa kweli.

Tumekaa pale. Kila aliyeko pale anahangaika na pumzi. Wangu kaegemea nguzo ya turubai, mdomo umeenda upande.

Akapita Sista mmoja, mama mtu mzima wa Kizinza, kavaa gauni la plastiki na miwani mikubwa. Akasimama mbele yetu.

"Anakohoa?"

"Hapana."

"Homa?" Akampima mwenyewe. Hakuna homa. Akamwekea kile kifaa cha kidole, akasoma, akatikisa kichwa. "Oksijeni yake nzuri kuliko yangu. Hiyo changamoto ya upumuaji umeitoa wapi, mama?"

Nikamwonyesha karatasi ya mapokezi.

Akatoa tochi mfukoni, akamfungua macho. Akarudia jicho la kushoto. Akaniita nione. Mboni ya kulia ndogo, ya kushoto kubwa kama kifungo cha koti, na mwanga haiuogopi. Kisha akapitisha vidole kichwani, akafika juu ya sikio, akabonyeza. Palikuwa pamevimba na pamelainika, chini ya nywele, mahali ambapo mimi nilipafunika blanketi mara nne.

"Huyu kagongwa na nini?"

"Hajagongwa, kajigonga kwenye gogo."

"Gogo halifanyi hivi. Wapigie anaofanya nao kazi."

Nikampigia Masanja. Huyu ni mwenzake wa duara moja, wanashuka pamoja.

"Masanja, Baba Kulwa aligongwa?"

Akaanza kuniulizia habari za watoto.

"Masanja!"

"Mayu," akaniita, ndiyo mama kwa Kisukuma, "kwani yeye mwenyewe kasemaje?"

"Hawezi kusema."

Nikasikia anavuta pumzi. Akaniambia yote. Alhamisi asubuhi jiwe lilichomoka juu likamkuta chini, likampata juu ya sikio. Alizimia kidogo, kama muda wa kuvuta ndoo mbili. Halafu akaamka, akanywa maji, akasema yuko fiti. "Tukaambizana tusiseme, mayu. Duara lilikuwa linakaribia kutema. Ikisikika mtu kaumia, wakaguzi wanakuja kulifunga. Na yeye ndiye aliyesema tusikwambie wewe kabisa, utamkataza kurudi."

Kutema, kwa msiojua, ni duara kuanza kutoa dhahabu.

Na kweli ningemkataza. Hapo hakukosea.

Nilimtukana Masanja kwa Kiswahili, kikaisha, nikahamia Kisukuma. Sista akaninyang'anya simu taratibu. Akachukua ile karatasi ya mapokezi akalikata neno langu kwa mstari, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: JIWE KICHWANI, SIKU YA TATU, MBONI HAZILINGANI. Akasema karatasi ile ikienda na neno la kwanza, huko mbele watampeleka kwenye mapafu, na mapafu yake hayana shida.

Daktari akaja, akamwona, akasema hapa hatuna cha kumfungulia kichwa, ni rufaa, Mwanza, sasa. Ambulansi ikapatikana. Sista akapanda nasi yeye mwenyewe, akamwekea oksijeni ya kuulinda ubongo njiani. Njia nzima anamwita jina, anamfinya kidole, anapiga tochi machoni. Mimi kaniambia kazi yangu moja: nimwinue kichwa kidogo na nisilie juu yake.

Nililia pembeni.

Enzi hizo daraja la ziwani halijakamilika, tunavuka kwa kivuko cha Busisi. Tulipofika foleni ya malori ilikuwa ndefu, lakini madereva waliposikia king'ora walisogea wote, Mungu awabariki. Tukaingia wa kwanza.

Kwenye kivuko mlango wa nyuma ulifunguliwa mgonjwa apate hewa. Abiria wakachungulia. Wakaona barakoa, gauni la plastiki, mtu kalala na oksijeni. Wakuu, watu walihama! Upande wote wa kulia wa kivuko ukabaki mtupu. Mwanaume mmoja akaanza kufoka kwamba mnatuleteaje ugonjwa wenu huku.

Sista akashuka, mikono kiunoni: "Si corona! Ni jiwe! Mchimbaji huyu, kagongwa na jiwe!"

Basi, kwa neno hilo moja watu wakarudi. Yule aliyefoka ndiye wa kwanza kuuliza ni jiwe la mgodi gani. Mzee mmoja wa kanzu akainua mikono akaomba dua. Mama muuza ndizi akanishikisha chupa ya maji akanishika bega. Mtu anayekufa hawamwogopi, wanamwogopa anayekohoa. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, sijui mnaielewa hali hiyo.

Tukafika hospitali kubwa kama saa tisa alasiri. Sista akamkabidhi kwa karatasi na kwa mdomo, akarudia mara mbili ili lisipotee neno. Akapelekwa CT scan moja kwa moja. Mimi nikabaki nje, maana ndugu walikuwa hawaruhusiwi ndani.

Daktari wa upasuaji alitoka kuja kuongea nami. Hadi leo sijui sura yake, niliona macho tu nyuma ya miwani yenye ukungu. Akanieleza taratibu: damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, upande wa kushoto, inaukandamiza ubongo. Isipotolewa leo hatafika kesho.

Kisha akaniambia mambo mawili bila kuzunguka. La kwanza, kipimo cha corona majibu yake hayajatoka na hawawezi kuyasubiri, watavaa mavazi ya kujikinga na kumfungua kana kwamba anayo. La pili, saa ile hakuna kitanda kilichokuwa wazi kwenye uangalizi maalumu, mashine zote ziko kwa watu wa mapafu.

"Sasa itakuwaje, daktari?"

"Tutamfungua. Mwenzangu anatafuta kitanda wakati mimi nakata. Kwenye meza ya upasuaji tuna mashine, hataondoka hapo bila pa kulala."

Nikapewa karatasi nisaini. Mkono wangu unaotunga uzi kwenye sindano bila miwani haukuweza kuandika jina langu. Niliandika kitu kama mwandiko wa Doto.

Kabla hajageuka nikamwambia. Sikuweza kulibeba. Nikamwambia daktari, nilimfukiza mara nne, nilimkandamiza kwenye blanketi, je, mimi ndiye niliyemvujisha?

Alisimama. Alikuwa na haraka lakini alisimama. Akasema, "Mama, damu hiyo ni ya jiwe. Wewe ulichopoteza ni muda, na uliobaki unatosha kujaribu. Niache nikautumie."

Nikakaa chini ya ukuta. Jua likaanza kushuka. Nilijaribu kusali, kila nikianza naona sufuria ya pilau.

Saa kumi na mbili na nusu hivi akatoka. Kavua gauni, barakoa imemchora alama mashavuni. Akachuchumaa pale nilipokaa.

"Damu imetoka. Ubongo umerudi mahali pake. Na kitanda kimepatikana."

Nilimshika miguu. Akaniambia usinishike mama, corona. Nikamwachia, nikamshukuru kwa mbali, wabeja sana, wabeja, Kiswahili kilikuwa kimenitoroka.

Siku mbili sikumwona. Nalala kwa binamu yangu mjini, asubuhi nipo kwenye uzio wa hospitali. Niliogopa kitu kimoja tu: akiamka, atakuwa ni yeye? Daktari alinieleza kwamba upande ule ndio wa maneno. Anaweza kuishi asinijue.

Siku ya tatu asubuhi nesi wa wodini akanipigia kwa video. Nikaona bandeji kubwa, nikaona macho mawili, mboni sawasawa. Ananiangalia. Nesi akamuuliza, "Huyu nani?"

Akachukua muda. Midomo inatafuta.

"Mama Kulwa," akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti kama kamba iliyokwaruzwa, "Watoto wamekula?"

Wakuu, nilikaa chini katikati ya njia ya watu. Mlinzi alikuja mbio akadhani nimefiwa. Nikamwambia hapana kaka, kaulizia chakula cha watoto! Mlinzi wa watu akaanza kushangilia na mimi bila hata kumjua mgonjwa.

Kipimo cha corona kilitoka siku hiyo hiyo. Hakuwa nayo.

Alikaa wodini wiki kadhaa. Mazoezi ya mkono, mazoezi ya maneno. Masanja alikuja hadi uzioni, barabarani, kasimama kavua kofia hathubutu kuniangalia. Nikamwacha asimame kidogo, kisha nikampa chai. Mnaotaka kujua kama duara lilitema: walikuta maji.

Tuliporudi nyumbani siku moja nikamwomba msamaha kwa ile nyungu. Akashangaa, hakumbuki hata moja. Yeye akaniomba msamaha kwa kunificha jiwe. Kumsamehe ilinichukua muda kuliko nilivyotegemea, nasema ukweli. Kujisamehe mwenyewe ndiyo kwanza nimemaliza.

Leo hashuki tena shimoni. Mkono wa kulia ni mzito kidogo, lakini ananipigia pasi nguo za wateja kwa wa kushoto, na mikunjo anainyoosha kuliko mimi.

Nilichojifunza? Mimi siisemi vibaya nyungu, mama yangu anajifukiza hadi leo na yuko imara. Kosa langu lilikuwa kuamua ugonjwa kabla ya kuuliza mgonjwa, kisha kwenda na jina la ugonjwa hospitali badala ya kusema ninachokiona. Ukifika pale sema anatapika, analala sana, kikombe kinamponyoka. Jina watalitafuta wao, wamelisomea.

Na nyie mlioko kwenye duara, kwenye karasha za kusaga mawe na kwingineko: mtu akigongwa kichwa akazimia hata kidogo, akaamka akasema yuko fiti, msimwamini. Mpelekeni, na mseme kagongwa. Shimo likifungwa litafunguliwa tena.

Aliyewahi kufichwa jeraha, au aliyelificha yeye, aandike hapo chini. Manesi na madaktari mliomo humu nirekebisheni nilipokosea. Wa kutukana nao karibuni, nimeshajitukana mwenyewe, hamtanikuta na jipya.

Nisubirini kidogo kwenye majibu, maana naitwa. Baba Kulwa yuko jikoni, anauliza majani ya chai yanakaa wapi. Tumeishi nyumba hii miaka yote na hajui majani ya chai yanakaa wapi. Zamani swali hili lilikuwa linanipandisha hasira.

Siku hizi namjibu tu. Kabatini, baba, rafu ya chini. Uliza tena ukisahau.